Uso ukiingia weusi, usikimbilie krimu ya kujichubua

JE, umejitazama kwenye kioo siku za karibuni ukaona paji la uso limekuwa jeusi kuliko mashavu? Au mashavu yenyewe yameingia mabaka, na juu ya mdomo pamefifia rangi ya kahawia kana kwamba umeota masharubu ilhali wewe ni mwanamke? Kama ni hivyo, usidhani uko peke yako. Hili ni mojawapo ya mambo yanayozungumzwa sana saluni, katika mabweni ya vyuo na hata jikoni akina mama wanaposukuma chapati, na kila mtu huwa na dawa yake.

Mmoja atakwambia kosa ni la mafuta unayojipaka, kwamba "yanakuchoma". Mwingine atalaumu maji ya chumvi ya mtaa uliohamia. Wa tatu atakuvuta kando akunong'onezee jina la krimu fulani inayouzwa kibandani katikati ya jiji, ambayo eti husafisha uso kwa wiki mbili tu. Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo wengi huponzeka.

Leo tutatazama mambo yanayoutia uso weusi, kazi halisi ya mafuta na losheni tunazojipaka, na sababu ya wengi wanaokimbilia krimu za kujichubua kuishia na uso mweusi kuliko ule waliokuwa nao mwanzo.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane. Kuwa na ngozi nyeusi si ugonjwa wala si uchafu wa kusafishwa. Tunalozungumzia hapa ni mabadiliko: uso uliokuwa na rangi moja unapoanza kuwa na mabaka, au unapokuwa mweusi kuliko shingo na mikono bila wewe kuelewa ni kwa nini.

Rangi hutoka wapi?

Ndani ya ngozi mna chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Mwafrika na Mzungu wana idadi inayokaribiana ya chembe hizo. Tofauti ni kiasi cha rangi ambacho chembe zenyewe hutengeneza na jinsi rangi hiyo inavyosambazwa katika ngozi.

Melanini ni mwavuli. Hutukinga na miale ya jua, na ndiyo maana sisi hatuungui haraka kama watalii wanaolala kwenye mchanga kule Diani. Lakini mwavuli huo una tabia moja. Kila ngozi inapoumizwa, iwe ni kwa jua, chunusi, kucha, sabuni kali au dawa, chembe hizo huamka na kutengeneza rangi zaidi. Jeraha likipona, rangi hubaki. Doa jeusi unaloliona leo mara nyingi ni kumbukumbu ya jambo lililoiudhi ngozi wiki au miezi iliyopita.

Ukielewa hilo, umeelewa nusu ya somo la leo. Kila kitu kinachouchoma uso, kinachouwasha au kuubambua kina uwezo wa kuutia weusi, hata kikiwa kimeuzwa kwa jina la kuung'arisha.

Jua la Nairobi si mchezo

Mshukiwa wa kwanza ni jua. Jiji la Nairobi liko karibu kabisa na ikweta, tena mahali palipoinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa ya kuzuia miale mikali inavyopungua. Kwa kuwa hali ya hewa ya Nairobi ni ya baridi kiasi, wengi hudhani jua lake ni pole kuliko la Mombasa. Baridi haizuii miale. Hata Julai, mawingu yanapotanda kutwa, sehemu kubwa ya miale hupenya mawingu mepesi.

Wala usidhani ukiketi ndani ya matatu umepona. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia miale inayounguza ngozi, lakini huacha sehemu kubwa ya miale inayoitia weusi ipite. Anayeketi dirishani upande uleule kila asubuhi, akikwama kwenye msongamano wa magari saa nzima, anaanikwa bila kujua.

Kuna habari nyingine ambayo wataalamu wameithibitisha miaka ya karibuni. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida wa jua tunaouona kwa macho huchangia mabaka. Tutalirudia jambo hili tunapofika kwenye losheni za kukinga jua.

Chunusi, wembe na limau

Mshukiwa wa pili ni mikono yetu wenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapata chunusi, jambo la kawaida kabisa la umri wake. Badala ya kuiacha, anaikamua mbele ya kioo cha bweni. Chunusi ingekwisha kwa siku chache. Doa lake litakaa miezi. Akizidi kukamua, uso mzima unaonekana mweusi, kumbe ni madoa mengi yaliyokaribiana.

Kwa wanaume, mambo huanzia kwa kinyozi. Nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha zake hurudi ndani zikazua vipele shingoni na kidevuni. Vipele huacha weusi. Bwana akinyoa tena juu ya vipele hivyo, na kinyozi akamwagia spiriti, mambo huharibika zaidi. Afadhali kuziacha ndevu zikiwa fupi kwa mashine kuliko kuzikwangua kwa wembe.

Kisha kuna mafuta ya nywele. Mafuta mazito yakipakwa kichwani huteremka hadi kwenye paji la uso wakati wa jua au usingizini, yakaziba vitundu vya ngozi na kuleta vipele vidogo vidogo. Dada mwenye paji jeusi na mashavu safi aanze kuchunguza anachojipaka nywele kabla ya kulaumu anachojipaka usoni.

Na limau? Huu ni ushauri wa miaka mingi ambao ni heri tuuzike. Maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, yanaweza kuichoma hata ikafura malengelenge, na baadaye pakabaki weusi mzito. Vivyo hivyo dawa ya meno, sabuni ya kufulia na jiwe la kusugulia nyayo. Vina kazi zake, lakini si usoni.

Manukato nayo yana lawama. Wapo ambao ngozi zao huchukia marashi yaliyomo katika sabuni, poda au krimu. Uso huwasha kidogo tu, pengine usiwashe kabisa, lakini polepole huingia weusi wa kijivu. Ukiona weusi ulianza baada ya kubadilisha kipodozi, kiache kwanza.

Mama mjamzito asishtuke

Mabaka yanayotokea mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo wakati wa mimba ni ya kawaida. Homoni za uzazi huzichochea chembe za rangi, kisha jua likamalizia kazi. Baadhi ya wanawake hupata mabaka hayohayo wakitumia tembe za kupanga uzazi. Mara nyingi hufifia miezi kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, ingawa si kwa kila mtu.

Mama mkwe akiuliza uso umefanya nini, mwambie ni mimba. Usikubali kupakwa dawa ya kuyaondoa mabaka wakati huo bila kumwuliza daktari au muuguzi wa kliniki. Na usiziache tembe za uzazi ghafla kwa sababu ya uso, ukajipata na mimba ambayo hukuipanga. Zungumza na wahudumu wakuonyeshe njia nyingine.

Mara chache, weusi huwa ni ujumbe kutoka ndani ya mwili. Ngozi ya shingo na kwapa ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, hasa kwa mtu mnene, pimwa kiwango cha sukari katika damu, kwa maana hiyo huweza kuwa dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia sukari. Weusi ukiingia hadi kwenye ufizi na mistari ya viganja, pamoja na uchovu na kukonda, nenda hospitalini. Upele wa mashavuni unaoandamana na maumivu ya viungo pia si wa kupuuzwa. Zipo pia dawa za hospitali ambazo huibadilisha rangi ya ngozi. Usiziache, ila mweleze daktari aliyekuandikia.

Je, mafuta ya kujipaka yana kosa?

Sasa tufike kwa mshtakiwa anayelaumiwa kuliko wote: mafuta ya mgando, yale ambayo wengi wetu huyaita Vaseline hata kama mkebe una jina jingine. Yalisajiliwa kule Marekani mwaka 1872 na Robert Chesebrough, aliyeyatoa katika mabaki ya visima vya mafuta ya petroli, na hadi leo ni mojawapo ya vitu bora zaidi vya kuzuia maji yasitoke mwilini kupitia kwenye ngozi.

Kazi ya mafuta au losheni ya kulainisha ngozi ni hiyo: kuhifadhi maji. Ngozi iliyokauka hupasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kupitia nyufa hizo sabuni, vumbi na manukato huingia na kuiwasha, unajikuna, na kama tulivyosema, ngozi ikiudhiwa hutengeneza rangi. Kwa hiyo mafuta hupunguza weusi kwa njia ya kuzunguka. Hayafuti doa, bali huzuia mengine yasizaliwe.

Basi mbona watu huapa kwamba yanawafanya weusi? Sababu ya kwanza ni macho. Ngozi iliyopauka huwa na magamba meupe madogo yanayoufanya uso uonekane wa kijivu. Ukipaka mafuta, magamba hulala na rangi yako halisi hujitokeza. Hukuongezwa rangi, umeonyeshwa uliyo nayo. Sababu ya pili ni kwamba mafuta ya mgando hayazuii jua ipasavyo. Mtu huyapaka, akatembea juani mchana kutwa, kisha lawama ikaliendea kopo badala ya jua.

Vilainisha ngozi si vya namna moja. Vipo vinavyofunika ngozi ili maji yasitoke, kama mafuta ya mgando. Vipo vinavyovuta maji na kuyashika, kama glisarini. Vipo vinavyojaza nyufa na kulainisha, kama mafuta ya nazi. Losheni nyingi huchanganya namna hizo.

Chagua kulingana na uso wako. Mwenye ngozi kavu, hasa wakati wa baridi ya Julai au kule kwenye upepo wa Nyandarua, anafaa mafuta mazito au krimu nzito. Mwenye ngozi yenye mafuta na chunusi, kama vijana wengi, atumie losheni nyepesi. Akipaka mafuta mazito usoni huenda akaongeza chunusi, na chunusi ndizo mama wa madoa. Mkazi wa Mombasa, ambako hewa ina unyevu, huhitaji mafuta mepesi kuliko wa Nairobi. Kwa wote, bora ni yale yasiyo na manukato, hata kama hayanukii vizuri unapopita.

Namna ya kupaka pia ina maana. Oga kwa maji vuguvugu, si ya moto wa kutoa jasho. Pangusa uso kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Kisha pakaa mafuta ngozi ingali na unyevu, dakika chache baada ya kuoga, ili uyafungie maji ndani. Anayengoja mpaka ngozi ikauke huwa amefunga mlango baada ya mwizi kutoka.

Zipo losheni ambazo zimetiwa niasinamidi, namna ya vitamini B, ambayo hupunguza kiasi cha rangi kinachofika kwenye ngozi ya juu. Husaidia kwa kiasi na kwa taratibu. Lakini losheni yoyote inayoahidi kukugeuza rangi kwa siku saba, jiulize imetiwa nini.

Krimu zilizowaponza wengi

Hapa ndipo naomba msomaji awe makini. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi kuhusu watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya mwili uvimbe na protini kupotea kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua, na wengi wao walikuwa wanawake. Krimu hizo zilikuwa na zebaki. Hawakuinywa, waliipaka tu usoni, ikapenya ngozi hadi kwenye figo.

Zebaki haimdhuru anayejipaka peke yake. Hubaki kwenye taulo, mto na mikono, na mtoto anayelala kifuani mwa mama huipata bila kupaka chochote.

Kemikali ya pili ni haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi wanawake waliotumia krimu zake kwa muda mrefu walivyotokwa na weusi wa samawati, ulio kama masizi, mashavuni na kuzunguka macho. Weusi huo ni mgumu mno kuondoa. Ndicho kinyume kikubwa cha krimu hizi: mtu huzipaka apate weupe, zikampa weusi usiotoka. Madaktari wa ngozi bado huiandika dawa hii kwa kipimo maalumu na kwa miezi michache, chini ya uangalizi. Hiyo ni tofauti na kopo la kibandani lisilojulikana lina kiasi gani.

Ya tatu ni dawa za jamii ya steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli. Ni dawa nzuri za ukurutu zikitumiwa inavyopasa. Zikipakwa usoni kila siku ili kupata weupe, hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, mishipa ya damu ikaonekana, chunusi zikafumuka na nywele zikaota. Ukiziacha, uso huwaka na weusi hurudi kwa kasi, nawe ukadhani dawa ni kurudia kupaka. Huo ni utumwa.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini bado vinaingizwa na kuuzwa. Kwa hivyo jifunze kusoma kibandiko. Ukiona neno "mercury", "calomel" au "hydroquinone", rudisha kopo. Ukiona kopo halina orodha ya viungo kabisa, au muuzaji amekuchanganyia mwenyewe kwenye mkebe mtupu, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kulikataa.

Kama tayari unatumia krimu ya namna hiyo, usione haya. Ile unayoshuku ina zebaki iache leo, ukapimwe mkojo na figo. Ile yenye steroidi uliyoizoea kwa miezi mingi, mwone daktari akuongoze namna ya kuiacha.

Ufanye nini basi?

Asubuhi, nawa uso kwa sabuni isiyo kali, paka losheni yako, kisha losheni ya kukinga jua yenye nambari ya SPF 30 au zaidi. Kwa wenye mabaka, iliyo bora ni ile yenye rangi ya kahawia kama poda, kwa maana rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma ambayo huzuia pia ule mwanga wa kawaida tuliotaja. Ukiwa nje kwa muda mrefu, ipake tena kila baada ya saa mbili. Kama bei yake imekushinda, kofia pana, mwavuli na leso ni kinga halisi wala si kinga ya maskini. Nyanya zetu walijifunika shambani kwa sababu.

Jioni, nawa tena, uondoe vumbi na vipodozi, upake mafuta, ulale. Usikamue. Usisugue. Usichanganye krimu tano kwa wakati mmoja.

Kisha ngoja. Ngozi ya juu huhitaji takriban mwezi mmoja kujibadilisha, na doa la kawaida huweza kuchukua miezi sita hadi mwaka mzima kufifia. Lililozama ndani huchukua muda mrefu zaidi. Ukitaka kupima maendeleo, jipige picha mahali pamoja palipo na mwanga uleule kila mwisho wa mwezi. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi chochote.

Baada ya miezi mitatu bila nafuu, au ukiona doa moja linalokua, linalobadilika umbo au lisilopona, nenda ukaonane na daktari wa ngozi. Na utakapokwenda, tia kwenye mfuko mikebe yote unayotumia umpelekee aione: sabuni, mafuta ya nywele, losheni, na hata ile krimu ndogo unayoificha nyuma ya nguo kabatini. Huenda hiyo ndiyo atakayoiuliza kwanza.